Jeremiah Nyagah: Mwalimu wa Embu Katika Baraza la Mawaziri

Kufikia mwisho wa Machi 1958, Waafrika kumi na wanne waliochaguliwa na Waafrika wenzao walikuwa wameketi katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni la Kenya. Baadhi ya majina yao hayajawahi kuondoka vinywani mwa watu: Tom Mboya, Oginga Odinga, Daniel arap Moi, Ronald Ngala, Masinde Muliro. Majina mengine hutajwa kwa nadra, na miongoni mwa hayo ni jina la mwalimu kutoka Embu, Jeremiah Joseph Mwaniki Nyagah. Ajabu ni kwamba mwalimu huyu asiyetajwa sana ndiye aliyedumu kuliko wengi wao. Mboya aliuawa mwaka 1969, Ngala akafariki mwaka 1972, Odinga akatupwa nje ya serikali kwa miaka mingi. Nyagah aliendelea kuketi bungeni tangu 1958 hadi 1992, yaani miaka thelathini na minne, na kwa zaidi ya miaka ishirini kati ya hiyo alikuwa waziri kamili chini ya marais wawili. Maisha ya mtu wa aina hii hayana budi kuzua swali kuhusu siasa za Mlima Kenya upande wa mashariki: je, jamii ndogo inayopakana na jamii kubwa hupata nini inapomtuma mtu wake kukaa ndani ya serikali kwa muda mrefu namna hiyo bila kelele?

Nyagah alizaliwa tarehe 24 Novemba 1920. Utawala wa Kiingereza ulikuwa bado mchanga katika nchi yake. Waembu walikuwa wametiwa chini ya serikali kwa nguvu za silaha mwaka 1906, na kituo cha Meru kikafunguliwa mwaka 1908. Nyuma ya askari walikuja wamisheni, nao waligawana mteremko wa mlima kana kwamba wanagawana shamba la urithi. Waanglikana wa CMS walishika Embu, Wamethodisti wakatua Kaaga karibu na mji wa Meru, Waskoti wakajenga hospitali na shule Chogoria, nao Wakatoliki wa Consolata wakapita kotekote. Kwa mtoto wa enzi hiyo, mlango wa shule ulikuwa mlango wa misheni, na aliyefaulu kuupita aliingia katika safari moja iliyojulikana: shule ya msingi ya misheni, kisha Alliance huko Kikuyu, kisha Makerere. Nyagah aliifanya safari hiyo hatua kwa hatua. Shule ya Alliance ilikuwa imefunguliwa mwaka 1926 kwa ushirikiano wa makanisa ya Kiprotestanti, na katika miaka ya mwisho ya 1930 nafasi zake zilikuwa chache mno kiasi kwamba kijana mmoja wa Embu aliyezipata alikuwa habari ya kusimuliwa wilaya nzima. Kutoka Makerere alirudi kufundisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipelekwa Oxford kusomea stashahada ya ualimu.

Ualimu ndio uliomjenga, wala si jambo la kupita juu juu. Mwalimu wa Kiafrika katika miaka ya 1940 alikuwa karani wa kijiji kizima, mwandishi wa barua, msuluhishi wa mashauri na mshauri wa wazazi juu ya karo. Aidha, alikuwa mtu aliyefunzwa kusubiri. Alipanda ngazi za utumishi kwa kibali cha mkaguzi mzungu, na aliyekosa subira aliporomoka. Tabia hiyo ya kupima neno kabla ya kulitoa Nyagah aliibeba hadi bungeni, na haikumwacha mpaka alipostaafu.

Hali aliyoingilia siasa haina budi kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu bila ya kuielewa ni vigumu kumwelewa mwanasiasa yeyote wa Meru na Embu wa kizazi chake. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Serikali ya kikoloni iliwaweka Wakikuyu, Waembu na Wameru katika kapu moja, ikawaita kwa jina moja la kiofisi, na ikawatawala kwa kanuni maalumu. Vijiji vya lazima, vibali vya kusafiri, kambi za kizuizini na walinzi wa nyumbani vilienea hadi kwenye misitu ya Meru na tambarare za Embu. Katika uwanda wa Mwea, wafungwa na watu wa vizuizini walichimba mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa mpunga ambao baadaye ulikuja kuwa maarufu nchini kote. Pamoja na hayo, Uasi wa Maumau haukuwa na uzito ule ule kila mahali. Meru kulikuwa na wapiganaji, tena wenye sifa, lakini idadi ya watu waliohesabiwa na serikali kuwa watiifu ilikuwa kubwa kuliko ya Kiambu, Murang'a au Nyeri.

Tofauti hiyo ilizaa matunda ya ajabu uchaguzi ulipofika. Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wanane. Mpiga kura alipimwa kwa elimu, mali, kipato na utumishi, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu. Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kulikuwa na kizingiti cha ziada: kila mmoja alitakiwa kuwa na cheti cha uaminifu kutoka kwa serikali. Cheti hicho kiliwafungia nje maelfu ya Wakikuyu, na mizani ya Mkoa wa Kati ikaelemea Meru ghafla. Ndivyo Bernard Mate, mwalimu wa Kimeru, alivyomshinda Eliud Mathu, Mkikuyu wa Kiambu ambaye mwaka 1944 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza hilo. Mathu, msomi wa Oxford na sauti ya Waafrika kwa zaidi ya miaka kumi, aliangushwa na hesabu ya vyeti. Mate hakuwa na kosa katika jambo hilo, kwa kuwa hakuitunga sheria. Hata hivyo, ushindi wake uliacha doa la mashaka lililowagusa wote waliofuata kutoka mashariki ya mlima. Wakikuyu wengi waliona kwamba jirani alikuwa ameketi katika kiti chao wakati wenyewe wamefungwa.

Mwaka mmoja baadaye, baada ya katiba iliyopewa jina la waziri wa makoloni Alan Lennox-Boyd, viti sita viliongezwa kwa Waafrika. Uchaguzi wa Machi 1958 ulimwingiza Nyagah akiwakilisha sehemu iliyojumuisha Embu, pamoja na Julius Gikonyo Kiano aliyetoka Murang'a. Mate alibaki na Meru. Kanuni za vyeti zilikuwa zile zile. Kwa hiyo mbunge mpya wa Embu alichaguliwa na watu wachache walioruhusiwa, ilhali wengi wa wale ambao angepaswa kuwasemea walikuwa kizuizini au hawakuwa na haki ya kura. Huo ulikuwa mtihani mgumu wa kuanzia kazi. Juni mwaka huo, aliyesimama ndani ya Baraza na kutamka kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ndio viongozi wa watu alikuwa Odinga wa Nyanza, mtu aliyetoka mbali na Mlima Kenya na ambaye wapiga kura wake hawakudaiwa vyeti. Wajumbe wa mlimani walikuwa wakitembea juu ya mayai. Neno moja la ziada lingewakosanisha na serikali iliyokuwa na uwezo wa kufuta cheti cha kila aliyewapigia kura, na neno moja pungufu lingewakosanisha na watu watakaotoka kizuizini kesho. Nyagah aliyapita maji hayo kwa mwendo wa mwalimu: alishirikiana na wajumbe wenzake wa Kiafrika kudai katiba mpya, akawa katika msafara wa Lancaster House, na chama cha KANU kilipoundwa mwaka 1960 akawa upande wake.

Kati ya mikutano ya London na uhuru kulikuwa na shauri jingine ambalo halisomwi sana siku hizi, nalo ni shauri la mipaka. Mwaka 1962 Tume ya Mipaka ya Majimbo ilizunguka nchi kusikiliza matakwa ya wenyeji. Wajumbe wa Meru na Embu, jamii ambazo lugha na mila zao ziko karibu sana na za Wakikuyu, walieleza kwamba hawakutaka kuwekwa nao katika jimbo moja. Tume ilikubali. Wilaya ya Embu ya zamani ilikatwa, upande wa Ndia na Gichugu ukawa wilaya mpya ya Kirinyaga na kubaki Mkoa wa Kati, na sehemu iliyosalia ikaunganishwa na Meru, Ukambani na nchi kavu za kaskazini kuwa Mkoa wa Mashariki. Makao makuu ya mkoa yakawekwa mjini Embu. Mji mdogo ulipata ofisi za mkuu wa mkoa, hospitali ya mkoa na heshima ya kuwa kitovu cha eneo linalofika hadi mpaka wa Ethiopia. Kwa upande wa pili, uwanda wa Mwea, ambao Wambeere walikuwa na madai ya kale juu yake, uliangukia kwa sehemu kubwa ng'ambo ya mpaka mpya pamoja na mashamba yake ya mpunga. Uamuzi huo uliwapa Waembu na Wambeere jina lao wenyewe kwenye ramani, na ukawapunguzia ardhi.

Katika uchaguzi wa Mei 1963 Nyagah alirudi bungeni kwa kiti cha Embu Kusini, kiti kilichobeba nchi ya Mbeere na ambacho hatimaye kilijulikana kama Gachoka. Jirani yake wa Meru, Jackson Angaine, aliingia moja kwa moja katika Baraza la Mawaziri akishika ardhi na makazi, wizara iliyokuwa na mvuto kuliko zote kwa watu wenye njaa ya mashamba. Wawili hao walikuwa wanasiasa wa namna mbili tofauti kabisa. Angaine alikuwa amewekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, alisema kwa sauti, akatawala siasa za Meru hata akaitwa mfalme. Nyagah alianza kama waziri msaidizi na hakuwahi kuitwa mfalme wa mahali popote. Nafasi yake ilikuja mwaka 1966. Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na kuanzisha KPU, Kenyatta akalipanga upya baraza lake, na mwalimu wa Embu akakabidhiwa Wizara ya Elimu.

Miaka miwili hivi aliyokaa katika wizara hiyo ndiyo iliyoacha alama ya kudumu kuliko yote aliyofanya baadaye, ingawa wasomaji wengi wanaozijua taasisi zilizozaliwa wakati huo hawamhusishi nazo. Kabla ya hapo walimu wa Kenya waliajiriwa na mamlaka nyingi zisizofanana: misheni hii na ile, halmashauri za wilaya, bodi za shule. Mishahara ilitofautiana, uhamisho ulitegemea hisani, na mwalimu aliyekosana na padri angeweza kujikuta hana kazi wala nyumba. Chama cha walimu, KNUT, kilichoundwa mwaka 1957, kilikuwa kimedai mwajiri mmoja kwa miaka kadhaa na kuitisha migomo. Mwaka 1967 Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ilianza kazi chini ya sheria iliyopitishwa akiwa waziri. Kila mhitimu wa Kiswahili aliyewahi kusubiri nambari yake ya TSC amesimama katika foleni iliyoanzia hapo.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ilikuwa ngumu zaidi, kwani iligusa makanisa. Matayarisho yake yalifanyika katika miaka hiyo hiyo, na shabaha yake ilikuwa kuzifanya shule zilizosaidiwa na serikali kuwa mali ya umma. Makanisa yaliyozijenga yalibakiwa na cheo cha udhamini. Waziri aliyekuwa wizarani sheria hiyo ikitayarishwa alikuwa mwenyewe zao la misheni kutoka utosini hadi nyayoni. Alijua kwa maisha yake kwamba pasingekuwa na misheni pasingekuwa na Nyagah wa Makerere na Oxford, na alijua pia, kama alivyojua kila mwalimu wa zamani, uzito wa kuishi chini ya mwajiri anayetazama kadi yako ya ubatizo. Huenda ni kwa sababu alikuwa wa ndani ndiyo maana mabadiliko hayo yalipita bila ya vita vikubwa kati ya dola na maaskofu. Maana hasa ya neno mdhamini iliachwa na ukungu fulani, na ugomvi juu yake umeendelea katika shule nyingi tangu wakati huo. Mtu aliyezoea maelewano huacha mara nyingi milango fulani bila kufungwa.

Kwa upande wa Kiswahili, kipindi hicho hakina mengi ya kujivunia, na heshima kwa marehemu haipaswi kulificha hilo. Tume ya Elimu iliyoongozwa na Simeon Ominde baada ya uhuru ilikuwa imependekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia na Kiswahili kifundishwe kama somo. Pendekezo la kwanza lilitekelezwa kwa bidii na fedha, la pili likaachwa lijitafutie njia. Mtihani mpya wa kumaliza shule ya msingi ulioanza mwaka 1966 haukuwa na Kiswahili, na somo lisilotahiniwa hujulikana linavyotendewa na mwalimu mwenye haraka. Hali hiyo haikubadilika hadi mfumo wa 8-4-4 ulipokuja na mtihani wake wa mwaka 1985. Si haki kumtwika Nyagah peke yake mzigo huo, kwani mawaziri waliomtangulia na waliomfuata waliubeba kwa namna ile ile. Wote walikuwa wametoka katika chungu kimoja: Alliance, Makerere na vyuo vya Uingereza. Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya sokoni na ya mkutano wa hadhara. Kejeli ya historia ikawakuta Julai 1974, Kenyatta alipoamuru kwamba mijadala ya Bunge iendeshwe kwa Kiswahili. Mawaziri waliozoea Kiingereza cha vitabu wakalazimika kuzungumzia mbolea, majosho, ruzuku na mikopo kwa lugha ambayo shule zao ziliidharau, huku miswada yenyewe ikiendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Amri hiyo ililegezwa kufikia mwaka 1979, lugha zote mbili zikaruhusiwa.

Wakati huo Nyagah alikuwa amekwisha kuhamia Kilimo. Baada ya kupitia kwa muda mfupi wizara nyingine, zikiwemo za mali ya asili na za habari, alimrithi Bruce McKenzie mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kukaa hapo hadi 1979. McKenzie alikuwa mkulima mzungu, mwenye marafiki London na kwingineko, na wizara aliyoiacha ilikuwa imejengwa kuwahudumia wakulima wakubwa na, kwa kiasi kilichoongezeka, wale wadogo wa kahawa na majani ya chai. Muongo huo ulikuwa na mapigo yake: bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na mbolea ikapanda nayo, mvua zikakosekana sehemu nyingi. Kisha baridi kali ya Julai 1975 iliua mikahawa ya Brazili, na bei ya kahawa duniani ikapaa mpaka 1977. Katika maeneo ya kati ya Embu na Meru, penye udongo mwekundu, fedha hizo zilionekana kwa macho. Mabati yalichukua nafasi ya nyasi, vyama vya ushirika vikanunua malori, karo zikalipwa kwa mkupuo.

Fedha hizo hazikuteremka hadi Mbeere. Anayeshuka kutoka mji wa Embu kuelekea mto Tana huacha chai juu, karibu na msitu, hupita katikati ya mikahawa, kisha ndani ya mwendo wa saa moja hukutana na migunga, mawe na vumbi. Huko ndiko kulikokuwa na wapiga kura wa Waziri wa Kilimo. Walilima mtama, mawele, kunde na mbaazi, wakafuga mbuzi na nyuki, wakapanda pamba na tumbaku palipowezekana. Kwa miaka kumi taifa lililojivunia kahawa liliongozwa, katika mambo ya kilimo, na mbunge wa watu ambao wengi wao hawakuwa na mche mmoja wa kahawa.

Haitakuwa kweli kusema kwamba hakuwafanyia lolote. Mbeere ilikuwa miongoni mwa sehemu sita za nchi zilizochaguliwa kwa ajili ya mpango maalumu wa maendeleo ya vijijini ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Barabara zilichongwa, mahindi ya Katumani yanayokomaa upesi yakahimizwa, mabwana shamba wakaongezwa. Baadaye, katika miaka ya 1980, ulikuja mpango mwingine wa nchi kame za Embu, Meru na Isiolo uliofadhiliwa na Uingereza. Ila mipango ya aina hiyo ilikuja na magari yake na ikaondoka nayo. Upimaji wa ardhi, ambao ulifika Mbeere katika miaka ya 1970, ulileta hatimiliki, na pamoja nazo mashauri kati ya ukoo na ukoo yaliyowamaliza watu mbuzi wao kwa kulipia kesi. Hifadhi ya Mwea ilitengwa mwaka 1976, ikachukua malisho kando ya Tana.

Mfano mchungu kuliko yote ni umeme. Mto Tana unapopita ukingoni mwa Mbeere ulijengewa mabwawa moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mfululizo huo wote ulikamilika mbunge wa eneo akiwa ndani ya Baraza la Mawaziri. Nguzo za chuma zilibeba nguvu za maji hayo juu ya paa za nyasi hadi Nairobi, na watoto wa Mbeere wakasoma kwa koroboi chini ya nyaya hizo kwa miongo mingi. Wanaomtetea Nyagah husema, na kwa haki, kwamba waziri mmoja hakuwa na uwezo wa kuelekeza njia za umeme katika dola ambayo maamuzi yake yalitoka Ikulu. Utetezi huo, hata hivyo, unafichua mpaka wa siasa yake yote. Kukaa ndani kulimpa nafasi ya kusikilizwa, na kusikilizwa hakukuwa sawa na kuamua.

Ukimya wake ulijaribiwa mara kadhaa. Mwaka 1975, J. M. Kariuki alipouawa na ripoti ya kamati teule kufika bungeni, Masinde Muliro, mwenzake wa tangu Baraza la 1958, alipiga kura kuiunga mkono na akafukuzwa uwaziri. Nyagah alibaki. Mwaka 1976, wanasiasa wa GEMA, umoja uliobeba majina ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, walianzisha kampeni ya kubadilisha katiba ili kumzuia makamu wa rais asirithi kiti. Angaine wa Meru alikuwa mmoja wa vinara wake. Nyagah hakuwa miongoni mwa viongozi wa kampeni hiyo. Kenyatta alipofariki Agosti 1978 na Moi kushika hatamu, tofauti hiyo ilikuwa na thamani yake: katika uchaguzi wa mwaka uliofuata Angaine aliangushwa, na Nyagah akaendelea. Moi alimfahamu tangu siku za wajumbe kumi na wanne, nao walikuwa walimu wote wawili. Chini yake Nyagah alipewa wizara mbalimbali, zikiwemo za utamaduni na huduma za jamii, maji, na mazingira. Zilikuwa kazi za kuheshimika, ingawa mbali kidogo na meza ambapo mambo makubwa yalikatwa.

Nje ya serikali alijulikana kwa Skauti. Kwa miaka mingi alikuwa katika uongozi wa juu wa chama hicho nchini, ambacho mwanzilishi wake duniani, Baden-Powell, alizikwa Nyeri mwaka 1941, upande wa pili wa mlima. Wapo waliocheka kumwona mzee wa makamo katika kaptura. Yeye hakuonekana kujali, na sifa ya uadilifu aliyokuwa nayo miongoni mwa watu, adimu kwa waziri wa enzi hiyo, huenda ilihusiana kwa kiasi fulani na maadili hayo ya Skauti aliyoyachukulia kwa dhati.

Muongo wa 1980 uliileta katika eneo lake sauti ya namna nyingine. Askofu David Gitari wa Kanisa la Anglikana, ambaye dayosisi yake ya Mlima Kenya Mashariki ilienea Kirinyaga, Embu na Meru, alisimama mimbarani kulaani kura ya mlolongo iliyotumika mwaka 1988. Aprili 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku na watu wenye silaha, akanusurika. Mtu wa kanisa moja na waziri, mtu wa mteremko mmoja, alikuwa amechagua kusema. Waumini waliomsikiliza Gitari Jumapili walimsikiliza mbunge wao siku za kazi, na bila shaka walipima.

Kipengele cha katiba kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kilifutwa Desemba 1991. Nyagah alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Katika uchaguzi wa mwaka uliofuata hakugombea tena, na kiti cha Gachoka kilichukuliwa na mwanawe, Norman, kwa tikiti ya Democratic Party ya Mwai Kibaki, dhidi ya chama ambacho baba alikitumikia tangu kilipoundwa. Mwaka 1997 kiti hicho kilikwenda kwa mwana mwingine, Joseph. Wengine katika familia walishika nyadhifa za benki kuu na ubalozi. Wapo Wambeere walioliona jambo hilo kuwa heshima kwa eneo zima, na wapo walioona kwamba njia iliyofunguliwa na mwalimu mmoja mwaka 1958 ilikuwa imegeuka ua wa nyumba moja. Katika kipindi hicho, mwaka 1996, Mbeere ilipewa wilaya yake yenyewe.

Wakati wa uchaguzi wa Desemba 2007, Joseph Nyagah alikuwa katika safu ya juu ya chama cha ODM cha Raila Odinga, akipingana na wimbi lililowavuta wapiga kura wengi wa Mlima Kenya kwa Kibaki. Mtoto wa mwenzake Nyagah wa mwaka 1958 na mtoto wa Nyagah mwenyewe walikuwa upande mmoja, na mlima ukawa upande wa pili. Matokeo yalipopingwa nchi iliwaka, na mkataba wa kugawana madaraka ukatiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Majadiliano juu ya idadi ya mawaziri yaliendelea kwa majuma kadhaa. Yakiwa bado hayajakamilika, mzee Jeremiah Nyagah alifariki tarehe 10 Aprili, akiwa na umri wa miaka 87. Siku tatu baadaye baraza jipya lilitangazwa, na Joseph akapewa Wizara ya Ushirika.

Katiba ya mwaka 2010 iliirudisha Mbeere ndani ya Kaunti ya Embu, na jina la Gachoka likatoweka katika orodha ya majimbo ya uchaguzi mwaka 2013, mahali pake pakawa Mbeere Kusini. Huko ndiko kiliko chuo cha kiufundi kilichopewa jina la Jeremiah Nyagah, ambako vijana wa nchi ile kavu hujifunza, pamoja na mafundi wa nyanja nyingine, ufundi wa umeme.